Kiongozi wa kikundi kutoka Ulaya na mwongozaji mwenye leseni ya KINAPA: nani mwenye neno la mwisho mlimani Kilimanjaro?

Mwongozaji wa Umbwe (Moshi)

Ndugu zangu mnaofanya kazi ya mlima, pamoja nanyi wa mbugani, nawasalimu. Kuna jambo ambalo linajirudia mno katika kazi yetu, na ningependa kupata mawazo ya watu waliokwisha kulitafakari kwa utulivu kuliko mimi.

Kampuni ninayoifanyia kazi hupata sehemu kubwa ya wageni wake kupitia mawakala wa Ulaya. Zamani wakala alituma majina, tarehe za ndege na orodha ya wasiokula nyama, basi. Siku hizi baadhi yao hutuma pia mtu wao wa kupanda pamoja na kikundi kuanzia langoni hadi kilele cha Uhuru na kurudi, na humtambulisha kuwa ndiye kiongozi wa safari. Mtu huyo hana leseni ya KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na katika kibali cha kupanda ameandikwa kama mgeni mwingine yeyote aliyelipiwa ada za hifadhi. Hata hivyo, wageni wamezoeana naye kwa miezi kadhaa kabla ya kuniona mimi, wengine wamefanya naye mazoezi katika milima ya kwao, na kwa hiyo kila ninaposema jambo macho yao humgeukia yeye kwanza ili waone kama amekubali.

Katika siku za chini hali hiyo inakera tu. Kambini Barafu, kwenye mita 4,673, ni jambo jingine. Msimu uliopita niliamua kwamba mgeni mmoja, ambaye alikuwa akitapika na kuyumba kila alipojaribu kutembea katika mstari ulionyooka, ateremshwe jioni ileile pamoja na msaidizi wangu. Kiongozi wao alikataa, akidai kwamba anamfahamu mtu huyo, kwamba ni mkimbiaji wa mbio ndefu, na kwamba apewe muda hadi saa sita usiku. Tulibishana mbele ya wageni, jambo ambalo lilituaibisha sote wawili. Hatimaye tulimteremsha gizani kwa machela, wapagazi wakipokezana, na alianza kupata nafuu kadiri tulivyoshuka. Taarifa iliyomfikia wakala ilieleza kwamba waongozaji wenyeji ndio waliochelewa kuchukua hatua.

Nimesoma kwamba huko Ufaransa walimu wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, yaani skii, waliwahi kuvutana na kampuni za Uingereza kuhusu watu wa namna hii, hata mahakama ikaingilia. Je, kuna aliyeifuatilia habari hiyo kwa undani? Na je, hapa kwetu sheria inasemaje kuhusu mtu anayeongoza bila kuitwa mwongozaji?

Binti wa Kirua (Annecy, Ufaransa)

Kaka, pole kwa yaliyokufika. Ninaishi karibu na milima hiyo na nimefanya kazi za msimu katika nyumba za wageni za huko, kwa hiyo nitaeleza ninachokifahamu, kwa sababu habari hiyo husimuliwa mara nyingi kwa upande mmoja.

Wakati huo kampuni za Uingereza ziliuza likizo ya wiki nzima ikiwa kifurushi kimoja: ndege, nyumba ya mbao yenye mpishi, na msindikizaji. Msindikizaji huyo aliwachukua asubuhi wageni ambao tayari walijua kuteleza, akawaonyesha miteremko iliyo mizuri siku hiyo, lifti ya kuwapandisha mlimani isiyo na foleni na mgahawa wa kula mchana, bila kufundisha chochote. Kwa kawaida alikuwa kijana aliyelipwa mshahara mdogo, pamoja na malazi, chakula na tiketi ya lifti ya msimu mzima. Mwalimu wa skii wa Ufaransa ni mtu wa daraja tofauti kabisa. Amepata diploma ya taifa baada ya mafunzo ya miaka kadhaa, amefaulu mtihani wa kasi uitwao Eurotest, ambao mtahiniwa hushuka akipita katikati ya milingoti huku saa ikimhesabia, na amefaulu mtihani mwingine wa usalama nje ya njia zilizoandaliwa, mahali ambapo theluji huporomoka na kuua. Wengi wao wako chini ya ESF, shule iliyoanzishwa mwaka 1945, yenye walimu wapatao 17,000 na jaketi jekundu ambalo kila mtoto wa Ufaransa analifahamu.

Sheria ya michezo ya Ufaransa inamtaka kila anayefundisha, anayeongoza au anayesimamia mchezo kwa malipo awe na sifa zinazotambuliwa. Kampuni ya Uingereza iitwayo Le Ski, iliyokuwa na wasindikizaji katika kituo cha skii cha Méribel, ilishtakiwa kwa kukiuka sharti hilo, na mnamo Februari 2013 mahakama ya Albertville iliitia hatiani. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Chambéry iliunga mkono hukumu hiyo, ingawa shauri halikuishia hapo bali lilipelekwa mahakama ya juu zaidi. Kampuni ilijitetea kwamba wasindikizaji hawafundishi, na kwamba walitembea na wageni kama marafiki katika njia zilizoandaliwa ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia peke yake. Mahakama hazikujali cheo alichopewa kijana yule. Zilitazama alichokuwa akikifanya, na kama alikifanya kwa malipo, hata kama sehemu ya malipo hayo ilikuwa kitanda na tiketi ya lifti. Baada ya hukumu ya kwanza kampuni nyingi zilisitisha huduma hiyo upande wa Ufaransa.

Magazeti ya Uingereza yalisema kwamba Wafaransa wanalinda ulaji wao, nao Wafaransa wakasema kwamba wanalinda maisha ya watu. Mimi naona hoja ya usalama ilikuwa dhaifu kidogo, kwa sababu mgeni yuleyule angeweza kuteleza katika mteremko uleule bila mtu yeyote pembeni yake na hakuna ambaye angemuuliza. Fedha ndiyo ilikuwa kiini cha ugomvi, na sioni ubaya wowote mwalimu aliyesomea kazi yake akitetea kipato chake hadharani.

Lakini hapo ndipo mfano wa Ufaransa unapoachana na wa kwenu. Mgeni wa skii halazimiki kuajiri mwalimu, kwa hiyo msindikizaji akiwapo, mwalimu anaweza kukosa siku nzima ya kazi. Kilimanjaro hakuna mgeni anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na kwa hiyo kiongozi yule kutoka Ulaya hachukui nafasi yako. Anakaa juu yako. Kule waligombea siku ya kazi. Ninyi mnagombea mamlaka, na sina hakika kwamba dawa ya wale inaweza kuwatibu ninyi.

Mzee wa Marangu

Mwanangu wa Umbwe, nimesoma maelezo yako na ninakubaliana nayo yote isipokuwa jambo moja. Hukuhitaji kubishana. Ofisi ya hifadhi haimtambui mtu anayeitwa kiongozi wa kikundi. Inamtambua mwongozaji mkuu, ambaye jina lake na namba ya leseni yake viko langoni, na mgeni akifa ni wewe utakayeitwa kueleza. Yule bwana atapanda ndege siku mbili baadaye. Mtu anayetapika na kuyumba katika kimo kile huenda ubongo wake umeanza kuvimba, na hakuna mbio ndefu zilizowahi kuzuia hilo. Vijana wenye nguvu ndio mara nyingi hupanda haraka na kuficha dalili. Ungemfungashia mzigo wake ukamkabidhi kwa msaidizi, mabishano yakafuata mgonjwa akiwa njiani kwenda chini.

Mwongozaji wa Umbwe (Moshi)

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na kuhusu mamlaka ya langoni uko sahihi. Tatizo ni kwamba langoni naitwa mwongozaji mkuu, lakini ofisini naitwa mtu ambaye wakala amemlalamikia. Mwajiri wangu hatazami leseni yangu anapopanga vikundi vya msimu ujao. Anatazama barua pepe ya wakala anayemletea wageni wengi kuliko wengine wote. Nikimteremsha mgeni kinyume cha matakwa ya kiongozi wao, hata nikiwa na haki, huenda nisipangiwe kikundi cha wakala huyo tena. Nina wenzangu waliokwisha kuachwa kimyakimya namna hiyo. Na mgeni mwenyewe, aliyelipa fedha nyingi ili afike kileleni, humwamini yule anayemwambia kwamba bado anaweza.

Karani wa Mikataba (Arusha)

Nimefanya kazi kwa muda mrefu katika ofisi za kampuni za utalii hapa Arusha, upande wa mikataba na mawakala, kwa hiyo nitajibu swali la sheria na kisha nitasema jambo ambalo huenda lisiwafurahishe.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 ilikwisha kutenga biashara ya kupandisha watalii mlimani na ile ya kuongoza watalii kwa ajili ya Watanzania. Mwezi Julai 2025 ikatoka amri ya Waziri wa Viwanda na Biashara inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, kuanzia ufundi wa kukarabati simu na saluni hadi uchimbaji mdogo wa madini, na kuongoza watalii ndani ya nchi kumo katika orodha hiyo. Raia wa kigeni anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kufungwa kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemsaidia naye hakusahauliwa, kwani anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Wenye kampuni wengi huisoma sehemu ya kwanza ya amri hiyo kwa furaha na kuiruka sehemu ya pili.

Sasa, je, mtu anayetembea na kikundi chake, akilipwa mshahara huko kwao na kampuni ya huko kwao, anafanya biashara ya kuongoza watalii hapa nchini? Tukitumia mantiki ambayo dada wa Annecy ametueleza, cheo chake hakitamwokoa. Akishika kipaza sauti ndani ya gari na kueleza historia ya Wachaga, akipanga saa za kuondoka kambini, akiamua nani apande na nani ashuke, ni vigumu kusema kwamba hayo si kuongoza. Akikaa na wageni wake mezani, akawatafsiria na kuwatuliza hofu, ni msindikizaji. Kuna pia suala la viza, kwa sababu aliyekuja kikazi kwa muda mfupi anatakiwa aingie kwa viza ya biashara, ambayo ada yake ni dola 250 na haizidi miezi mitatu, lakini wengi huingia kwa viza ya matembezi kama wageni wao. Kabla kampuni haijakubali kumpokea mtu wa namna hiyo, ni vyema iulize Idara ya Uhamiaji kwa maandishi, hasa ikizingatiwa adhabu ya yule anayesaidia.

Jambo lisilofurahisha ni hili. Mawakala hawatumi watu hawa kwa kiburi pekee. Wapo wageni wa Poland, Korea na Uchina ambao hawajui Kiingereza, na kampuni zetu nyingi hazina mwongozaji wa mlima anayejua lugha zao, ingawa wa mbugani wapo wachache hodari. Wapo pia mawakala waliokwisha kuona kampuni ya hapa ikipokea fedha za chakula cha siku saba na kupandisha chakula cha siku tano, au ikiwabebesha wapagazi zaidi ya kilo 20 mara baada ya kupita mizani ya lango, na kwa hiyo wanamtuma mtu wao kuwa macho yao. Ninawafahamu viongozi wa vikundi ambao ni madaktari au wauguzi, wanaokuja na historia ya afya ya kila mgeni, nao wamekuwa msaada wa kweli kwa waongozaji. Kumfukuza mtu kama huyo ili tu kulinda heshima yetu kungekuwa hasara.

Hata hivyo, kwa kuwa Wafaransa wamelinda milima yao, sioni kwa nini sisi tuone haya kulinda wa kwetu.

Mama wa Lemosho (Moshi)

Kaka yangu wa mikataba, kuhusu lugha umesema kweli, lakini umewaachia waajiri njia ya kutokea ambayo hawaistahili. Mwongozaji ambaye hana ajira ya kudumu, anayelipwa kwa safari na kutegemea bahshishi kwa sehemu kubwa ya kipato chake, atapata wapi fedha na muda wa kujifunza Kipolandi? Wale walimu wa jaketi jekundu walikuwa na chama chenye nguvu cha kusema kwa niaba yao. Sisi tunazo jumuiya za waongozaji, lakini msimu ukianza kila mmoja anakimbilia kikundi chake.

Bahshishi yenyewe haijatajwa hapa, na ndiyo inayoleta uchungu mwingi. Kiongozi wa kikundi ndiye anayewaambia wageni kiasi cha kutoa, na ndiye anayekusanya bahasha katika kambi ya mwisho. Nimewahi kushuhudia timu ya mlima ikipewa kima ambacho wapagazi walijua kabisa kwamba hakiwezi kuwa chote kilichochangwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa sababu aliyeshika fedha ndiye atakayeandika taarifa. Tangu hapo sikubali kupanda na kikundi chenye kiongozi wao hadi tukubaliane kwamba bahshishi itatangazwa mbele ya timu nzima, mgeni mmoja akisoma mgawanyo kwa sauti: mwongozaji mkuu, wasaidizi, mpishi, wapagazi. Utaratibu huo ndio unaohimizwa na KPAP, mradi unaotetea wapagazi hapa Moshi tangu 2003, na kiongozi mwaminifu huupenda kwa kuwa unamlinda hata yeye.

Kuhusu neno la mwisho, mimi hulimaliza hotelini usiku wa kuamkia safari. Kabla wageni hawajaletwa kusikiliza maelezo, huwa nimeketi na kiongozi wao peke yetu na kumweleza mambo ambayo hayatajadiliwa mlimani, kwa mfano kwamba kipimo cha oksijeni kitachukuliwa asubuhi na jioni na kuandikwa katika daftari ambalo sote wawili tutalitia saini. Kisha humwomba yeye mwenyewe, mbele ya wageni wake, awaambie kwamba mimi ndiye mwenye uamuzi wa kumteremsha mtu. Akiyasema kwa kinywa chake, wageni hawana tena sababu ya kumtazama yeye ninapoongea. Mmoja tu ndiye aliyewahi kunikatalia, nami nikapiga simu ofisini palepale, tukiwa bado chini, mahali ambapo bado kulikuwa na mtu wa kupokea simu na muda wa kufikiri. Na kwa kuwa mimi ni mwanamke, na wengine hushuka kwenye gari wakiuliza mwongozaji mkuu yuko wapi, utaratibu huu kwangu si wa kuchagua.

Binti wa Kirua (Annecy, Ufaransa)

Naomba niongeze kidogo kwa kaka wa Arusha, kuhusu Wafaransa kulinda milima yao. Waingereza waliofaulu mitihani ile wanafundisha hapa kihalali na wapo wengi, kwa hiyo mlango ulifungwa kwa asiye na sifa, haukufungwa kwa mgeni kwa sababu ni mgeni. Pigo kubwa kwa kampuni za Uingereza lilikuja baadaye, na halikutoka kwa walimu wa skii. Tangu Januari 2021, Uingereza ilipokwisha kutoka katika soko la Ulaya, vijana wao hawawezi tena kuja kufanya kazi za msimu bila kibali, na biashara ile ya nyumba za mbao zenye wapishi na wasindikizaji wa Kiingereza imepungua sana. Walimu niliozungumza nao hawakushangilia wote, kwani baadhi yao walikuwa wakipata wanafunzi kupitia nyumba hizohizo.

Mwongozaji wa Umbwe (Moshi)

Nawashukuru nyote. Utaratibu wa Mama wa Lemosho nitaanza nao katika kikundi kijacho, hasa ule wa daftari lenye saini mbili, kwa sababu laiti ningekuwa nalo Barafu, ile taarifa iliyopelekwa Ulaya isingeandikwa vile. Lakini daftari halitamfikia wakala iwapo mwajiri wangu hataki limfikie. Nimepanga kumpelekea mkurugenzi pendekezo la kipengele kimoja cha kuongezwa katika mkataba na mawakala, nami nimeandika hivi: «Uamuzi wa kumteremsha mgeni kwa sababu za kiafya utafanywa na mwongozaji mkuu mwenye leseni, kwa kushauriana na kiongozi wa kikundi, na hakuna mwongozaji atakayeondolewa katika kazi za wakala kwa sababu ya uamuzi huo.» Kaka wa mikataba, je, kimekaa sawa?

Karani wa Mikataba (Arusha)

Sehemu ya pili ni nzuri, na ndiyo ambayo mkurugenzi wako ataipinga, kwa hiyo ijengee hoja mapema kwa kumweleza kwamba jina la kampuni yake ndilo litakalotajwa KINAPA na kwa watu wa bima mgeni akifia mlimani. Katika sehemu ya kwanza ondoa maneno «kwa kushauriana na kiongozi wa kikundi» na badala yake uandike kwamba kiongozi wa kikundi atajulishwa. Ukiyaacha yalivyo, yule bwana wa Barafu ataweza kudai kwamba mashauriano yalikuwa bado yanaendelea hadi saa sita usiku. Ongeza pia sentensi ya kumtaka wakala awatumie wageni kipengele hicho kabla hawajalipa, kisha nitumie rasimu niipitie.